WAYAHUDI WA MBALE

Ndugu zangu wanafunzi wa Nyamahanga, nanyi nyote mlio katika madarasa ya Ngara na Biharamulo, kaeni vizuri. Maneno ya leo yamepigwa chapa katika karatasi mlizo nazo mkononi. Asiyesikia vema na afuate kwa kidole.

Wengi wenu mmesikia habari za Wayahudi kanisani. Wengine mmesikia msikitini habari za Wana wa Israeli na Nabii Musa. Labda mmedhani hao ni watu wa zamani tu, au watu wa mbali tu. Leo nitawaeleza dini yao ilivyoanza. Kisha nitawapeleka Uganda, kwa Wayahudi walimao kahawa kama ninyi.

Wayahudi husema kwamba baba yao ni Ibrahimu, aliyeacha miungu ya watu wake akamwabudu Mungu mmoja. Baadaye akaja Musa. Yeye aliwatoa katika utumwa wa Misri, akawapa sheria. Sheria hiyo huitwa Torati, nayo ni vitabu vitano. Imeandikwa humo kwamba mtoto wa kiume atahiriwe siku ya nane. Watu wasile nguruwe, wala damu. Siku ya saba wasifanye kazi yo yote. Siku hiyo ndiyo Sabato. Huanza Ijumaa jua linapotua, nayo huisha Jumamosi usiku unapoingia. Myahudi ashikaye sana sheria hawashi hata moto wa kupikia siku hiyo, kwa hiyo mama wa nyumba hupika mapema. Akisahau, wote watakula kiporo kilichopo!

Mfalme Sulemani aliwajengea hekalu huko Yerusalemu. Hapo ndipo makuhani walipochinja sadaka. Mwaka 586 kabla ya Kristo jeshi la Babeli lililibomoa, na watu wengi wakachukuliwa mateka. Walijenga la pili, nalo Warumi wakalichoma mwaka 70 baada ya Kristo. Sasa fikirini. Hekalu halipo, madhabahu hayapo, watu wametawanyika katika nchi za wageni. Kwa nini dini hiyo haikufa?

Haikufa kwa sababu walikuwa na kitabu, na walijua kukisoma. Kila walipokaa walikutana katika nyumba ya sala iitwayo sinagogi, na humo Torati ilisomwa kwa sauti. Kiongozi wao sasa alikuwa rabi, maana yake mwalimu. Mtoto alifundishwa herufi ili aweze kuisoma sheria mwenyewe. Hekalu likaweza kubebwa kwapani.

Basi, tusafiri. Ukitoka Nyamahanga ukapita Bukoba na Mutukula, ukafika Kampala, ukaendelea mashariki na kuvuka mto Nile pale Jinja, mwisho utafika mji wa Mbale, karibu na mlima Elgon. Aliyeuanzisha mji huo ni Muganda mmoja, hodari wa vita, jina lake Semei Kakungulu. Wamisionari wa Kiprotestanti walimbatiza. Tena husimuliwa kwamba Biblia ya kwanza aliyojifunza kuisoma ilikuwa ya Kiswahili, lugha hii hii mnayoisoma sasa.

Kakungulu aliwasaidia Waingereza kuzitawala nchi za mashariki ya Uganda, akitumaini kwamba watamfanya mfalme wa huko. Hawakumfanya. Alivunjika moyo, akazidi kusoma Biblia. Kwanza aliingia katika dini ya Wamalaki, watu waliokataa dawa za hospitali na kuishika Jumamosi. Lakini aliendelea kuuliza. Mbona imeandikwa tutahiriwe, nasi hatutahiriwi? Wenzake wakamjibu kwamba hiyo ni sheria ya Wayahudi. Akasema kwamba ikiwa hivyo, yeye ni Myahudi.

Mwaka 1919 akatahiriwa, yeye na wanawe. Alikuwa na umri wa miaka 50 hivi. Jambo hilo halikuwa dogo, maana kwa Waganda tohara haikuwa desturi. Wafuasi wake wakaitwa Abayudaya, yaani Wayahudi kwa Kiganda.

Angalieni: hakuja mhubiri kutoka Yerusalemu. Mtu alisoma, akauliza, akatenda. Bila shaka mengine hakuyajua. Mwanzoni walikuwa bado wanabatiza. Mwaka 1920 akapita Myahudi mmoja mgeni, aliyeitwa Yosef, akawafundisha sala, sikukuu, na jinsi ya kuchinja nyama kwa sheria. Ubatizo ukaachwa. Mwaka 1922 Kakungulu alitoa kitabu cha Kiganda chenye kurasa 90, cha kuwaongoza watu wake. Alikufa mwaka 1928.

(Wengine huchanganya habari hii na nyingine. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza ilitaka kuwapa Wayahudi wa Ulaya nchi ya Uasin Gishu, ambayo sasa ni Kenya. Mkutano wao uliikataa mwaka 1905. Kakungulu hahusiki.)

Sasa sikilizeni vizuri, maana habari inafika mlangoni petu. Mwaka 1971 Idi Amin aliitwaa serikali ya Uganda kwa nguvu. Alipiga marufuku dini ya Kiyahudi. Masinagogi yalifungwa, mengine yakabomolewa. Wengi waliingia Ukristo au Uislamu, na mimi siwalaumu. Mwenye watoto huogopa. Waliokuwa maelfu walibaki kama 300 tu, wakisali kwa siri usiku.

Mwezi wa Oktoba 1978 askari wa Amin walivamia nchi yetu mpaka mto Kagera, wakalivunja daraja la Kyaka. Wazee wenu wanayajua mateso ya siku zile. Jeshi la Tanzania likawafukuza, likasonga mbele pamoja na Waganda wapinzani wa Amin, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikawa imeanguka. Jioni ya siku ile ile ilianza Pasaka ya Wayahudi, sikukuu ya kukumbuka kutoka utumwani Misri. Askari waliotoka huku kwetu hawakuijua kalenda hiyo. Abayudaya waliijua, na mpaka leo wanaisimulia.

Baada ya hapo walianza upya katika kilima cha Nabugoye. Kijana mmoja wao, Gershom Sizomu, alikwenda Marekani kusoma, akawa rabi mwaka 2008. Mwaka 2016 watu wa Bungokho Kaskazini, ambao wengi wao si Wayahudi, walimchagua kuwa mbunge.

Wakulima wenu mtapenda hili la mwisho. Mwaka 2004 Wayahudi, Waislamu na Wakristo wa huko walianzisha ushirika mmoja wa kahawa, wakauita Mirembe Kawomera, yaani Amani Tamu. Ugumu wao ni siku za kazi: Ijumaa Waislamu wana sala, Jumamosi Wayahudi hawagusi jembe, Jumapili Wakristo wako kanisani.

Haya, zimeni redio. Mwalimu ataandika ubaoni maneno haya: TO-RA-TI, SA-BA-TO, SI-NA-GO-GI. Yasomeni, kisha kila mtu aandike sentensi moja juu ya Kakungulu. Kwaherini mpaka juma lijalo.