Manyoya Ya Kuku Ni Mbolea

Leo tuzungumze juu ya manyoya. Sikukuu tunachinja kuku, manyoya tunatupa jalalani. Upepo unayapeleka kisimani. Wengine huyachoma, na harufu yake mnaijua.

Unyoya karibu wote ni protini ngumu iitwayo keratini. Ndiyo iliyomo katika nywele, kucha, kwato na pembe. Nyuzi zake zimefungwa kwa salfa. Hata kuku akimeza unyoya, tumboni hausagiki vizuri.

Lakini wako vijidudu wasioonekana kwa macho, yaani bakteria, wanaouweza. Meno hawana. Wao hutoa vimeng'enya, vitu vinavyokatakata zile nyuzi, ndipo wale. Mwaka 1990 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, Marekani, walieleza juu ya bakteria wa namna hiyo. Walimpata wapi? Katika tangi la kuozeshea mavi ya kuku!

Basi hatuna haja ya kuagiza bakteria ng'ambo. Wamo katika udongo na samadi yetu. Tuyaloweke manyoya, tuyachanganye na samadi na majani mabichi, tufunike. Tuchomeke kijiti katikati. Kikitoka na joto, kazi inaendelea. Lundo likikauka tunyunyize maji, tuligeuze. Vijiti vya manyoya hukawia kuoza, tuvumilie. Mahindi yatapata naitrojeni, ile ile tunayoinunua dukani kwa bei kubwa.

Ila kuku aliyekufa kwa mdondo asiingie humo. Huyo tumchome na manyoya yake, hata kama yananuka.