Upungufu wa Watu, Sheria na Wajibu wa Ukoo

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa ukoo)



Kamati imenitaka niseme machache juu ya jambo wanalolisikitikia wazee: kwamba vijana wetu walio ughaibuni wanazaa mtoto mmoja au wawili tu, na ukoo unapungua. Kwa heshima zote, naomba tuweke lawama kando, tutazame mataifa yaliyofikwa na jambo hilohilo.

Ili taifa lisipungue pasipo wahamiaji, kila mwanamke hana budi kupata, kwa wastani, watoto 2.1. Mwaka 2023, wastani wa Korea ya Kusini ulikuwa 0.72. Mwaka huohuo, Japani walizaliwa watoto wapatao 727,000, na wakafariki watu zaidi ya 1,500,000.

Romania ilichagua amri. Mnamo Oktoba 1966, serikali ya Nicolae Ceaușescu ilipiga marufuku utoaji wa mimba, isipokuwa kwa sababu chache. Mwaka uliofuata wastani uliruka kutoka watoto 1.9 hadi 3.7, lakini haukuchukua muda ukaanza kushuka tena. Wanawake wengi walipoteza maisha kwa kutoa mimba kwa siri, na watoto waliotelekezwa wakajaa katika makao ya yatima. Amri hiyo ilifutwa Desemba 1989, mara tu utawala ule ulipoanguka.

Uswidi ilichagua kumpunguzia mzazi mzigo. Mwaka 1974 ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuwapa baba na mama, sawia, haki ya likizo ya malezi yenye malipo. Leo wazazi wawili hugawana siku 480 kwa kila mtoto. Sikusudii kusema kwamba dawa imepatikana: wastani wao ulikaribia watoto 2 mwaka 2010, na kufikia 2023 ulikuwa chini ya 1.5. Hata hivyo, sheria ile haikumpeleka mama yeyote kaburini.

Tena tangu Julai 2024, kila mmoja wa wazazi hao wawili aweza kumgawia babu, bibi au mtu mwingine hadi siku 45 za malipo hayo, mradi huyo naye awe katika bima ya jamii ya nchi ile. Sheria imefika mahali ambapo mila yetu ilikuwapo zamani. Kwetu mzazi hukaa arobaini akikandwa kwa maji ya moto na kupikiwa uji wa pilipili manga, na mtoto hupita mikononi mwa nyumba nzima. Huku ugenini, binti yetu hutoka hospitali leo, na kesho yu peke yake ghorofani, mume kazini, bibi ng'ambo ya bahari. Akisita kuzaa wa pili, tusishangae.

Kwa hiyo napendekeza mfuko wa ukoo utenge fungu la nauli, ili kila mzazi apate mama, shangazi au bibi wa kukaa naye arobaini. Viza ikikataliwa, jamaa walio karibu wagawane zamu. Nasi wakubwa, badala ya kuwauliza vijana watazaa lini, tuwaulize nani yuko nao.

Mkono mmoja haulei mwana.

Wabillahi tawfiq.