Michango Iliyozidi Ukomo: Pesa Zinazokosa pa Kwenda

Mada iliyowasilishwa katika warsha ya wahazini wa vyama vya siasa na wawaniaji huru

1. Utangulizi

Nimeombwa nizungumzie usimamizi wa michango ya kampeni nchini Kenya. Nitakayoyasema ni maoni yangu binafsi. Taasisi ninayoitumikia isihukumiwe kwayo.

2. Istilahi

Mchango ni fedha, mali au huduma anayopewa mwaniaji kwa ajili ya kampeni. Ukomo ni kiwango ambacho mchango hauruhusiwi kukipita. Ziada ni kile kilichopita. Haya mnayafahamu, tusonge mbele.

3. Hali ya sheria

Kifungu cha 88 cha Katiba kinaipa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka jukumu la kudhibiti fedha za kampeni. Sheria ya Ufadhili wa Kampeni za Uchaguzi ikapitishwa mwaka 2013. Ulipokaribia uchaguzi wa 2017, Bunge liliahirisha utekelezaji wake. Agosti 2021 Tume ilitangaza ukomo katika Gazeti Rasmi, ule wa matumizi ya mwaniaji urais ukiwa takriban shilingi bilioni 4.4. Bunge la Taifa likazikataa kanuni za kuitekeleza sheria hiyo, na uchaguzi wa 2022 ukafanyika bila ukomo. Sina nia ya kumlaumu yeyote. Hata hivyo, wanaotunga kanuni na wanaozikataa ni watu wazima wanaojua tarehe ya uchaguzi miaka mitano kabla.

4. Tatizo lenyewe: asilimia 20 ya nini?

Hapa naomba uvumilivu wenu, maana ndipo nilipokwama na wenzangu kwa miaka mingi. Sheria inasema mchango wa mtu mmoja usizidi asilimia 20 ya michango yote aliyopokea mwaniaji. Kwa masikio ni haki tupu. Kwa daftari ni balaa.

Tuchukue mfano. Mwaniaji wa udiwani anafungua akaunti Jumatatu, na mfanyabiashara mmoja anamchangia shilingi 400,000. Jumatatu hiyo hiyo mchango huo ni asilimia 100 ya michango yote. Je, mhazini aurudishe? Akingoja wengine wachange, atangoja hadi lini? Ili 400,000 iwe asilimia 20, jumla lazima ifike milioni mbili, na jumla haijulikani mpaka kampeni iishe. Wakati huo pesa zimekwisha kuwa mabango, mafuta ya gari na posho za mawakala.

Tuseme kampeni imekwisha na jumla ni milioni moja. Mhazini anapiga hesabu: asilimia 20 ni 200,000, basi anarudisha 200,000. Lakini akisharudisha, jumla inashuka hadi 800,000, na zile 200,000 zilizobaki ni asilimia 25. Bado amevunja sheria! Ili atulie, lazima arudishe 250,000, zibaki 150,000 katika jumla ya 750,000. Nimewahi kuwauliza wataalamu ni hesabu ipi sahihi. Kila mmoja alijibu kwa uhakika, na majibu hayakufanana.

Kisha kuna M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu. Muamala mmoja hauzidi shilingi 250,000, kwa hiyo zile 400,000 haziingii kwa mkupuo. Nusu inatoka kwa laini ya mfanyabiashara, nusu kwa laini ya dereva wake. Taarifa ya Paybill, yaani namba ya kupokelea michango, inaonyesha majina mawili. Mhazini anajua ni mchango wa mtu mmoja, lakini hana karatasi ya kuthibitisha.

Mchango usio na jina una njia: sheria inataka uripotiwe na kukabidhiwa Tume ndani ya siku 14. Mchango halali wa mtu anayejulikana, uliozidi tu kiwango, haukuwekewa njia iliyo wazi namna hiyo.

5. Wenzetu wa Marekani

Nawasifu kwa namna wanavyoishughulikia ziada, si kwa lolote lingine. Texas, kwa mfano, haina ukomo wa michango kwa nyadhifa nyingi. Lakini penye ukomo, California mathalani, huwa ni kiasi kinachotajwa kwa dola: mtu mmoja anaweza kumpa mwaniaji wa bunge la jimbo dola 5,900 kwa kila uchaguzi katika kipindi cha 2025 na 2026. Mhazini anaitambua ziada siku ile ile hundi inapofika. Katika chaguzi za shirikisho, ziada irudishwe au irekebishwe kwa idhini ya mchangiaji ndani ya siku 60, na wakati huo akaunti lazima iwe na salio la kutosha kuirudisha. Huko Florida, fedha zinazobaki baada ya uchaguzi huondolewa ndani ya siku 90: warudishiwe wachangiaji kwa uwiano, au zipewe shirika la hisani, chama au hazina ya jimbo.

6. Mapendekezo

(i) Ukomo wa mchangiaji mmoja utajwe kwa shilingi, si kwa asilimia.
(ii) Ikiwa asilimia itabaki, kanuni ieleze ni asilimia ya nini na ya siku gani.
(iii) Uwekwe muda maalumu wa kurudisha ziada.
(iv) Ziada isitumike kabla ya muda huo kwisha.
(v) Mchangiaji wa simu athibitishe kwamba pesa ni zake.
(vi) Ziada isiyoweza kurudishwa ikabidhiwe Tume, kama ule mchango usio na jina.
(vii) Kanuni zifikishwe Bungeni mapema, ukomo utangazwe angalau miezi 12 kabla ya uchaguzi, kama sheria inavyotaka.
(viii) Wahazini wafunzwe kabla ya kampeni.
(ix) Narudia: ukomo utajwe kwa shilingi.

7. Hitimisho

Ukomo usiosema ziada irudishwe lini, iwekwe wapi na ikabidhiwe nani haumzuii tajiri; unamtia mhazini hatiani tu. Kabla ya uchaguzi wa Agosti 2027, kila chama kilichowakilishwa hapa kiwasilishe maoni yake kwa Tume kwa maandishi. Tukinyamaza, tusije tukalalamika baadaye.