Safari ya Wawili Ianze na Nauli ya Kurudi



Leo nazungumza na mabwana na mabibi wa Wete, Chake Chake na Mkoani wanaotamani kusafiri pamoja, si kwenda Unguja na kurudi, bali kuizunguka Afrika Mashariki: Tanga, Mombasa, Nairobi, Kampala, Kigali, kisha Dar es Salaam na nyumbani. Mwaka ambao mikarafuu imezaa vizuri, au mtumishi anapopokea kiinua mgongo, hamu hiyo huja. Wala si ya matajiri peke yao. Mabasi yapo, na Mtanzania hadaiwi viza katika miji hiyo.

Kwanza, karatasi. Wazee wetu walitweka tanga mpaka Vanga na Shimoni bila ya kuulizwa paspoti. Zama hizo zimepita. Wapemba walioishi pwani ya Kenya miaka mingi bila ya vitambulisho walingoja hadi 2023 ndipo Serikali ya nchi ile ikawatambua rasmi. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana raia wao wavuke kwa vitambulisho tangu 2014, lakini Tanzania haikuwemo katika mapatano hayo. Paspoti ya kielektroniki ilipoanza 2018, ada yake ilikuwa shilingi 150,000. Kwa mke na mume ni 300,000, na boti hamjaipanda. Chanjeni pia homa ya manjano, siku 10 au zaidi kabla ya kuondoka. Tangu 2016 cheti chake hudumu maisha.

Pili, hesabu. Wengi huanza na nauli ya kwenda, wakasema ya kurudi Mungu ataleta. Mungu huleta, lakini ametupa na akili. Anzeni mwisho. Ulizieni gharama ya watu wawili kutoka Kigali mpaka Mkoani, pamoja na chakula na malazi ya njiani. Fungu hilo liwekeni kando, lisiguswe. Kinachobaki ndicho cha matembezi. Kisipotosha kufika Kigali, ishieni Kampala. Kisipofika Kampala, Mombasa si haba.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu mipaka hufungwa bila ya kumngoja msafiri. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa 1977, ukafunguliwa 1983. Gatuna, baina ya Rwanda na Uganda, ulifungwa Februari 2019 hadi Januari 2022. Mwenye akiba ya kurudi hupita Rusumo au Mutukula akafika kwao. Asiye nayo huanza kuuza saa yake stendi.

Kumbukeni pia kwamba shilingi moja ya Afrika Mashariki ilikwisha katika miaka ya 1960. Kila mkibadilisha fedha, kidogo hupotea. Badilisheni benki au kwenye duka lenye leseni, si kwa kijana wa mpakani mwenye kitita mkononi. Na nyumba ya jamaa Mombasa haina kodi, lakini ina gharama zake. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: nunueni unga na samaki, kisha mwendelee na safari.

Tatu, na hili ndilo zito, ni nyinyi wawili. Isiwe bwana ndiye mweka hazina na bibi ni abiria. Mali ya mke ni yake. Akichangia iwe kwa hiari, na neno lake liwemo katika kupanga wapi mlale na siku ngapi. Kila mmoja ashike paspoti yake na sehemu ya akiba ile, ili mkoba mmoja ukiibiwa msikwame wote. Na msikope kwa karafuu zilizo bado mtini. Mvua ikiharibu mavuno, safari ya mwezi mmoja italipwa miaka mitatu, na ugomvi wake utaingia ndani ya nyumba.

Basi kabla ya kukata tiketi, kaeni barazani muulizane: leo tukiambiwa turudi, tunazo? Jibu likiwa ndiyo, safari njema.

Kwa leo ni hayo. Tukijaaliwa, tukutane wiki ijayo.