Nani Alipe Kozi ya Ndege Kubwa?

Maneno ya mjumbe wa Kamati ya Elimu kwenye mkutano wa mwaka wa wanachama, Dar es Salaam

  

Mimi ni mhasibu, na najua mhasibu akishika kipaza sauti watu huanza kutazama saa. Nitajitahidi kuwa mfupi. Kamati imeniomba nizungumzie ombi moja tulilopokea mwaka huu, kwa sababu limetugawa sisi wajumbe, na kwa sababu fedha zinazoombwa ni zenu.

Kijana wetu mmoja, ambaye sitamtaja, amemaliza masomo ya urubani na ana leseni ya rubani wa biashara. Wazazi, wajomba na shangazi zake walichanga kwa miaka mitatu, na leseni hiyo imewagharimu zaidi ya shilingi milioni 100. Sasa ameambiwa kwamba bila kozi moja zaidi hatapata kazi. Kozi hiyo marubani huiita taipu retingi. Chuo alichokipata kiko nje ya nchi, na bei ni dola 25,000. Baba yake ameandika kwamba chama kikitoa nusu, yeye ataweka kibanja rehani apate nusu iliyobaki.

Waitu, nilipofika kwenye neno kibanja niliiweka ile barua mezani. Hakuna aliyemo humu asiyejua kibanja ni nini. Ndipo ilipo migomba, ndipo ilipo kahawa, ndipo walipolala babu zetu. Mzazi akifikia kukitaja kwenye barua ya maombi, ujue amekwisha kuhangaika kwingine kote.

Kwa hiyo nilikwenda kuuliza. Niwaeleze kwanza kozi yenyewe ni nini, maana wengi wetu tunaziona ndege zikitua pale Bukoba kandoni mwa ziwa, lakini hatujui anayezirusha amepitia wapi.

Leseni ya rubani wa biashara, kwa kanuni za kimataifa, inataka mwanafunzi awe ameruka saa 200, au 150 kama amesoma kozi kamili kwenye chuo kilichoidhinishwa. Sehemu kubwa ya saa hizo huruka na ndege ndogo, kama Cessna 172 yenye viti vinne. Leseni hiyo peke yake haimruhusu kuketi mbele kwenye ATR au Dash 8. Ndege inayohitaji marubani wawili inadai kibali chake, aina kwa aina. Mwenye kibali cha ATR haruhusiwi kurusha Dash 8 mpaka aisomee. Kozi huchukua wiki kadhaa. Inaanza darasani, halafu kwenye simuleta, yaani mashine iliyotengenezwa kama chumba cha marubani, ambamo mtu hufundishwa la kufanya injini ikizima, moto ukiwaka, ukungu ukitanda. Akifaulu mtihani, kibali kinaandikwa kwenye leseni yake.

Swali ni hili: gharama hiyo ni ya kijana au ni ya kampuni itakayomwajiri?

Wanaosema ni ya kijana wana hoja, nami sitazificha. Wanasema daktari amejisomesha, mwanasheria amejisomesha, kwa nini rubani asijisomeshe mpaka mwisho? Tena wanasema kampuni ndogo ikimsomesha kijana, baada ya miezi michache anaitwa na mashirika makubwa ya Ghuba, anaaga, na kampuni inabaki na risiti.

Hoja ya pili naielewa vizuri kwa sababu naikuta kwenye vitabu vya hesabu. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu namba 38 kinatukataza kuandika gharama za mafunzo ya wafanyakazi kuwa ni mali ya kampuni. Ndege ikinunuliwa inaandikwa mali. Rubani akisomeshwa inaandikwa matumizi ya mwaka huo huo, basi. Sababu ni kwamba mfanyakazi ana miguu. Kesho anaweza kuondoka. Mkurugenzi akiona hivyo, ni rahisi kumwambia kijana: njoo ukiwa umekwisha kujilipia.

Lakini hoja ya daktari na mwanasheria haikai sawa. Mimi nilijilipia mitihani yangu ya CPA, na ilikuwa haki nijilipie, kwa sababu ule ni msingi wa taaluma yangu popote niendapo. Mwajiri wangu alipobadilisha mfumo wa kompyuta wa hesabu, yeye ndiye aliyelipia mafunzo, kwa sababu yeye ndiye aliyeuchagua mfumo. Leseni ya rubani wa biashara ndiyo CPA ya kijana wetu, na familia yake imekwisha kuilipia. Taipu retingi inafanana zaidi na mfumo wa ofisi. Anayechagua ndege gani inunuliwe ni kampuni.

Nimetazama pia wenzetu wanafanyaje. Huko Ulaya, Ryanair kwa miaka mingi ilikuwa ikiwataka marubani wapya wajilipie, kiasi cha yuro 30,000 hivi. Marekani, Southwest kwa miaka mingi haikumwajiri rubani asiye na kibali cha Boeing 737, kisha ikaliondoa sharti hilo. Na Marekani hiyo hiyo, baada ya ajali ya ndege karibu na Buffalo mwaka 2009, sheria ilibadilishwa, na tangu 2013 rubani wa shirika la abiria anatakiwa kwa kawaida awe na saa 1,500. Marubani wakawa adimu, na mashirika madogo yaliyokuwa yakiwalipa kidogo yakaanza kuwapa bahasha nono wanaojiunga, mbali ya kuwasomesha ndege. Funzo nililopata ni kwamba hakuna kanuni ya haki iliyoamua nani alipe. Marubani wakiwa wengi, wanalipa wao. Wakiwa wachache, inalipa kampuni. Hivyo mtu akikuambia "ndivyo urubani ulivyo duniani kote", mwambie si kweli.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Hata tungekubali kwamba alipe, je, anachokwenda kununua kitamfaa? Hapa naomba niseme jambo la kwangu, ili mjue ninayesema si mtazamaji tu.

Miaka kadhaa iliyopita mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alikuwa mahali alipo kijana huyu. Alipata chuo nje ya nchi, akashauriwa achukue kibali cha Airbus A320 kwa kuwa ndege hiyo imejaa duniani. Mjomba mhasibu akaulizwa. Mjomba mhasibu akatazama karatasi, akaona ndege imejaa duniani, akasaini dhamana ya mkopo. Sikuuliza swali ambalo ningemuuliza mteja wangu yeyote: mnunuzi ni nani?

Alirudi na kibali kizuri. Lakini tazameni anga letu. Air Tanzania tangu ilipofufuliwa 2016 imepokea Dash 8, Airbus A220, Boeing 787 na Boeing 737 MAX. Precision Air inaendesha ATR. Hakuna A320 hapo. Pamoja na jina la Airbus, A220 ni ndege nyingine yenye kibali kingine. Nje ya nchi nako alikoomba walitaka mtu aliyekwisha kuirusha A320 saa nyingi na abiria ndani, si aliyeirusha kwenye simuleta.

Halafu kuna jambo ambalo sisi wenye vyeti vya ukutani hatulijui. Shahada yangu nikiikunja nikaiweka sandukuni miaka 10, bado ni shahada. Kibali cha ndege hakiko hivyo. Rubani hupimwa tena na tena kwenye simuleta ili kiendelee kuwa hai, na kanuni zinataka awe amepaa na kutua angalau mara 3 katika siku 90 zilizopita kabla ya kubeba abiria. Asiye na kazi hapai wala hatui. Kila kipimo ni dola nyingine na tiketi nyingine ya ndege. Kwa lugha ya kwetu ofisini, hiyo ni mali inayochakaa hata ikiwa stoo, na inachakaa haraka zaidi ikiwa stoo.

Mkopo haukungoja. Chukueni bei ya kijana wetu, dola 25,000. Kwa shilingi 2,500 kwa dola ni milioni 62 na nusu. Benki ikikukopesha kwa riba ya asilimia 17, ulipe kwa miaka 4, utatoa kama milioni 1.8 kila mwezi, na mpaka unamaliza umetoa zaidi ya milioni 86. Dada yangu alilipa, aliposhindwa nililipa mimi, na mke wangu anajua tuliahirisha nini. Kibali kilikufa kabla ya deni.

Leo mpwa wangu anarusha Caravan, ndege ya injini moja, anapeleka watalii mbugani. Kampuni hiyo ndogo ilimsomesha Caravan kwa gharama yake, ikamfunga kwa mkataba wa kuitumikia. Anakusanya saa, na saa ndizo mashirika makubwa wanazozitaka. Angeweza kuanzia hapo tangu mwanzo, kama mjomba wake angeuliza.

Lipo jambo la mwisho, na kwetu sisi ni zito. Hatuwezi kuzungumzia ndege bila kuikumbuka tarehe 6 Novemba 2022, siku ndege ilipoanguka ziwani karibu na uwanja wetu na watu 19 wakafariki, wakiwemo marubani wote wawili, na wavuvi wetu wakatangulia kuwaokoa 24. Sisemi lolote juu ya chanzo. Hiyo ni kazi ya wachunguzi. Nasema tu kwamba sisi tunajua thamani ya aliyeketi mbele. Ningependa awepo pale kwa sababu kampuni ilimpima kati ya wengi ikamwona anafaa, ikaweka fedha yake juu yake. Kozi ikiwa ya kujilipia, mchujo wa kwanza unakuwa mfuko wa baba, na mtoto wa mama muuza ndizi wa Kamachumu hataufika mchujo wa pili, hata awe hodari namna gani.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba kijana mpya asijilipie taipu retingi. Ailipe kampuni, na kijana aifidie kwa utumishi. Mkataba huo uwe wa haki. Kama kozi ni milioni 60 na mkataba ni wa miezi 36, deni lipungue kila mwezi. Anayeondoka baada ya miezi 24 adaiwe milioni 20, asidaiwe 60 zote. Hivyo kampuni haibaki na risiti tupu, wala kijana hageuki mtumwa.

Najua hatuwezi kuzilazimisha kampuni kutoka kwenye ukumbi huu. Lakini fedha zetu tunaweza kuzisimamia. Kamati inaleta mapendekezo manne, nanyi ndio wenye uamuzi.

Kwanza, Mfuko wa Elimu usitoe fedha ya taipu retingi kwa mtu yeyote asiye na barua ya ajira inayotaja kampuni na aina ya ndege. Bila barua hiyo, ni kununua mbuzi kwenye gunia.

Pili, mwenye barua, na kampuni imekataa katakata kumlipia, akopeshwe sehemu bila riba, arudishe akianza kazi, ili na mwingine asaidiwe.

Tatu, chama kisiwe sehemu ya mpango wowote unaoweka kibanja rehani kwa ajili ya kozi. Najua kuna watakaosema hayo ni mambo ya familia. Ni kweli, lakini nusu yetu ndiyo inayomtia moyo baba atoe nusu yake.

Nne, na hili ni kwa kijana wetu, ambaye najua mama yake yumo humu ndani. Mama, hatujamtupa. Wanachama wawili walio kwenye sekta ya anga wamekubali kukaa naye, wamtazamie nafasi kwenye kampuni za ndege ndogo, na Kamati inaomba imlipie nauli na malazi ya kwenda kwenye usaili, na gharama za kuiweka leseni yake hai kwa mwaka mmoja. Ni fedha kidogo sana mbele ya dola 12,500, na zinamfikisha mbali zaidi.

Kitakachobaki mfukoni kinajulikana kazi yake. Mmeiona kwenye kurasa za katikati: maabara ya fizikia isiyo na vifaa, ambako wanafunzi wa kidato cha nne wanasoma mzunguko wa umeme kwa kuchora ubaoni. Rubani anayefuata kutoka kwetu yumo kwenye chumba hicho, na fizikia ndiyo kozi yake ya kwanza. Kwa kozi hiyo hakuna kampuni itakayokuja kulipa. Hiyo ni yetu.

Kadi za ahadi ziko mezani kwenu. Mwenye elfu 10 aandike, mwenye milioni aandike, na mwakani nitasimama hapa niwasomee risiti moja moja. Tukutane nyumbani Desemba, senene wakiwepo.