Mdudu Katika Chumba: Somo la Ukubwa wa Seli

Natumaini nyote mmekwisha kukaa, na mwalimu wa darasa ana chaki mkononi.

Katika somo lililopita tulisema kwamba mwili wa mtu umejengwa kwa seli, kama nyumba ilivyojengwa kwa matofali. Baada ya somo hilo mzee mmoja aliniuliza: “Mwanangu, mnatuambia malaria ni mdudu aliyemo ndani ya damu. Nimechomwa kidole mara nyingi, nimeitazama damu yangu, sijamwona mdudu hata siku moja. Nitaaminije?” Swali la mzee ni la haki, nami sikutaka kumjibu kwa kusema “amini tu.” Leo nitalijibu kwa vipimo.

Chukueni rula. Nafasi iliyo kati ya mistari miwili midogo ni milimita 1. Seli za ini zikipangwa mstari mmoja, seli 50 hivi huenea katika nafasi hiyo. Basi na tuikuze seli moja ya ini kwa mawazo, mara 200,000, hata iwe kama chumba cha mita 4 kwa mita 4. Lakini tufanye haki: kila kitu tutakachokitia katika hesabu hii tutakikuza mara 200,000, si zaidi wala si pungufu. Unywele mmoja wa kichwani utakuwa na unene wa mita 15 hivi, wala hautaingia chumbani. Mtu mzima atakuwa na urefu wa kilomita 340, karibu sawa na safari ya basi kutoka Dar es Salaam mpaka Tanga.

Sasa tuingie chumbani. Ukuta wake ni utando mwembamba sana, unene wake milimita 1 na nusu tu. Fikirini chumba kizima ambacho ukuta wake ni mkeka! Hata hivyo, mkeka huo ndio unaochagua kipi kiingie na kipi kitoke.

Ndani yake mna kitu cha mviringo kinachomfikia mtu kifuani, kama pipa kubwa la maji. Hicho ni kiini, nacho hutunza maagizo ya kazi zote za seli. Kukizunguka kiini mna vitu kama viazi vitamu vinene, vyenye urefu wa sentimita 20 hadi 40, navyo hupita 1,000 kwa hesabu. Jina lake ni mitokondria. Hayo ndiyo majiko ya seli, maana humo chakula hugeuzwa kuwa nguvu. Mwisho, mna punje ndogo kama choroko, mamilioni kwa mamilioni. Hizo ni ribosomu, na kazi yake ni kutengeneza protini.

Chumba tumekwisha kukijua. Sasa tumtazame mgeni.

Mbu jike wa aina ya anofelesi akimuuma mtu, aweza kumtia vijidudu vya malaria. Kijidudu kimoja, kwa kipimo chetu, ni kama chatu wa mita 2 na kitu, mwenye unene wa sentimita 20. Huenda na damu mpaka katika ini, akajipenyeza katika chumba kimoja. Siku hizo mtu hana homa wala hana habari. Baada ya juma moja hivi chumba kimefura, kimejaa watoto maelfu kwa maelfu, kila mmoja kama papai. Kisha chumba hupasuka, nao humwagika katika damu.

Maficho hayo hayakujulikana upesi. Daktari Mfaransa, Laveran, aliviona vijidudu hivi katika damu ya mgonjwa huko Algeria mwaka 1880. Lakini ni mwaka 1948 ndipo Shortt na Garnham, huko London, walipoonyesha kwamba hukaa kwanza katika ini.

Katika damu kila papai hutafuta seli nyekundu. Seli hiyo, kwa kipimo chetu, ni kama godoro la duara, upana mita 1 na nusu, unene sentimita 40. Haina kiini wala mitokondria. Imejaa kitu chekundu kinachochukua hewa ya oksijeni. Mdudu hukila kitu hicho, na baada ya siku 2 hivi hugawanyika. Tuseme amezaa 16. Seli hupasuka, mtu hupandwa na homa, na wale 16 huingia katika seli nyingine. Kama wote wangefanikiwa, siku ya 4 wangekuwa 256, na siku ya 6 wangekuwa 4,096.

Sasa, mzee wangu, jibu lako ni hili. Hadubini ya hospitali hukuza vitu mara 1,000. Kwa hadubini hiyo seli nyekundu huonekana kama kifungo kidogo cha kola, na mdudu kama punje ya ulezi juu ya kifungo. Mpimaji hutafuta punje hiyo katika vifungo vingi. Jicho lako si bovu, ila mdudu ni mdogo kuliko uwezo wake.

Kwa hiyo yafaa tukumbuke mambo mawili. Kwanza, usiikisie homa. Si kila homa ni malaria, basi nenda ukapimwe, tena upesi, hasa kwa mtoto. Pili, maliza dawa yote uliyopewa. Homa yaweza kushuka hali baadhi ya wadudu wangali hai. Ukiweka vidonge vilivyobaki kabatini, umewaacha hao wawe mbegu.

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maswali haya:

1. Katika chumba chetu, kipi ni kikubwa zaidi: kiini au mitokondria?
2. Wadudu 4,096 wakizaa 16 kila mmoja, watakuwa wangapi?
3. Kwa nini mtu aliyepata nafuu aendelee kumeza dawa?

Jibuni kwa maneno yenu wenyewe, na jioni mkawaeleze walio nyumbani. Kwa herini.