Ridhaa ya Aliyepigwa Picha

Ukuta ulio nyuma yangu utabaki mtupu jioni hii. Picha ninazokuja kuzizungumzia si adimu. Ila watu waliomo walivuliwa nguo bila ya uwezo wa kukataa, nami sina haki ya kuwavua tena ili mhadhara wangu unoge.

Machi 1850, mjini Columbia, South Carolina, mpigapicha Joseph T. Zealy aliwapiga picha watumwa kwa ajili ya Louis Agassiz, profesa wa Harvard. Agassiz alikuwa akitafuta ushahidi kwamba watu weusi waliumbwa kando na wazungu, tena duni kuliko wao. Miongoni mwa waliopigwa picha walikuwa Renty na binti yake, Delia, ambaye gauni lake lilishushwa hadi kiunoni. Picha hizo zilisahaulika hadi zilipokutwa darini kwenye jumba la makumbusho la Peabody, hapo Harvard, mwaka 1976.

Miaka ya 1995 na 1996 msanii Carrie Mae Weems alizikuza baadhi yake, akazitia rangi nyekundu, na juu ya kioo akachora maneno yanayomsemesha kila aliyepigwa picha na kumtajia alichotendewa. Harvard ilitishia kumshtaki kwa kuzitumia bila kibali. Alikiri kwamba huenda sheria haiko upande wake, lakini haki ya kimaadili anayo.

Nakubaliana naye. Kazi ile inamzuia mtazamaji kuuchunguza mwili wa Delia kama kielelezo cha maabara. Hata hivyo Delia bado yuko kifua wazi mbele ya wageni, na hilo linaniuma kila niitazamapo.

Mwaka 2019 Tamara Lanier, anayesema Renty ni babu wa ukoo wake, alikwenda mahakamani. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya Massachusetts ilikataa kwamba picha ni mali yake, ila ikamruhusu kudai fidia ya uchungu aliosababishiwa. Mwaka 2025 Harvard ilikubali kuziachia picha hizo, ziende kwenye jumba la makumbusho huko Charleston. Mahakama ilitenganisha umiliki na uchungu; kwa hiyo msanii anayeishia kuuliza hatimiliki ni ya nani hajamfikia bado mtu aliyemo pichani.

Karibu zaidi na sisi, Sammy Baloji wa Lubumbashi, katika mfululizo wake *Mémoire* wa mwaka 2006, aliwakata wachimba migodi kutoka kwenye picha za enzi ya ukoloni na kuwasimamisha kwenye magofu ya migodi ya leo. Wajukuu wa wachimbaji hao wa Katanga wapo, na wengi wao wanazungumza Kiswahili; tunaweza kuwauliza.

Wanafunzi wangu wa sanaa, mkitoa picha kwenye nyaraka, ipelekeni kwanza mtaani ilikopigwa. Waulizeni wazee jina la mtu huyo. Familia ikisema isitundikwe, iacheni. Na nauli ya safari hiyo iandikwe kwenye bajeti ya maonyesho kabla ya gharama ya fremu.